Mashine Husawazishwa, Hojaji Je?

Ni kasumba iliyokita mizizi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili kwamba maabara ni milki ya wanasayansi, nasi fungu letu ni maktaba. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kutumia mfano wa mashine moja tu: ile inayopima wingi wa madini katika mfupa kwa miali miwili ya eksirei.

Mashine hiyo ni ghali, na kwa hiyo vyuo vikuu vingi huiweka katika maabara ya pamoja, mtafiti wa lishe na daktari wa wazee wakaitumia kwa zamu. Hata hivyo, sababu si fedha peke yake. Vipimo vya mashine za watengenezaji tofauti, mathalani Hologic na GE Lunar, havilinganishwi moja kwa moja, kwani mfupa ule ule hupewa tarakimu mbili. Hata mashine moja haiaminiwi hivi hivi. Kabla ya mtu wa kwanza kulazwa juu yake, huwekewa umbo la mfano la uti wa mgongo ambalo wingi wa madini yake unajulikana. Tarakimu zikipotoka, kazi husimama.

Sasa tuitazame hojaji anayosomewa mtu huyo huyo. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa usiku mmoja na mwanafunzi (mara nyingi mmoja wetu, kwa malipo ya kurasa). "Wewe hunywa maziwa mara ngapi kwa wiki?" Mama anayekunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni huenda akajibu kwamba hanywi maziwa, wala hasemi uongo, kwake chai ni chai. Na mala je, ni maziwa? Akiulizwa kuhusu samaki, huenda asiwahesabu omena, ilhali omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na humo ndimo kalisiamu ilimo. Neno mboga nalo kwa wengi wetu hapa Kenya ni sukumawiki na jamii yake. Kwa Watanzania wengi ni kitoweo chochote cha kulia ugali, nyama ikiwemo. Timu tatu zikitumia mashine moja kwa tafsiri tatu za hojaji, zimeshirikiana chuma tu.

Gumu zaidi ni matokeo. "Mifupa yako iko chini ya kiwango," mtu huambiwa. Kiwango cha nani? Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani lilitoa kigezo kwamba mwanamke ana ugonjwa wa mifupa dhaifu iwapo kipimo chake kiko mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi chini ya wastani wa wanawake vijana. Kwa mfupa wa nyonga, vijana wanaotumiwa sana kama kigezo ni wanawake weupe wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29. Lakini kijijini Keneba, Gambia, watafiti wamewachunguza kwa miongo kadhaa wanawake wanaopata kalisiamu kidogo mno, na bado kuvunjika mifupa uzeeni kumekuwa nadra kwao. Neno "kiwango" linayafunika haya yote. Sisemi lolote kuhusu "uzito wa mifupa", tafsiri inayomfanya mtu adhani atapandishwa mizani.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza kinatosha chuoni. Wanaolala juu ya mashine si wanachuo peke yao, na Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba ya mwaka wa 2010.

Popote maabara ya pamoja inapoundwa, basi, idara ya Kiswahili ipewe kiti katika kamati yake. Hojaji iwe moja, na ijaribiwe sokoni kabla ya kupelekwa nyanjani. Istilahi zilizokubaliwa ziwekwe kando ya daftari la usawazishaji, kila timu izisome kabla ya kuwasha mashine. Chama chetu hakihitaji kungoja kualikwa: kinaweza kuanza muhula huu na fomu ya ridhaa.