UCHAMBUZI: Ketamini yapoza kiwewe, lakini kidonda chabaki

KWA zaidi ya nusu karne, ketamini imekuwa dawa ya nusukaputi ya kutegemewa katika vyumba vya upasuaji, hasa pale ambapo mitambo na wataalamu ni haba. Leo hii nchini Marekani, dawa iyo hiyo inatolewa kwa dripu katika kliniki nyingi za kibinafsi kama tumaini jipya la watu ambao akili zao zimekataa kusahau.

Hao ni wagonjwa wa kiwewe: wanajeshi waliorejea kutoka Iraq na Afghanistan, wanawake waliobakwa, manusura wa ajali na mashambulizi. Mkasa ulipita zamani, lakini kwao hurejea kila usiku katika jinamizi. Mchana, mlango ukibamizwa tu, moyo huenda mbio kana kwamba bomu limelipuka tena.

Swali linalowagawanya wataalamu ni iwapo ketamini inatibu maradhi hayo au inayatuliza kwa muda tu. Matokeo ya utafiti yaliyopatikana tangu 2014 yanaelemea upande wa pili, ingawa matangazo ya kliniki husimulia hadithi tofauti.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wagonjwa wanaikimbilia. Kiwewe kiliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mnamo 1980, baada ya shinikizo za wanajeshi waliopigana Vietnam na watetezi wao. Tangu wakati huo, ni dawa mbili pekee, setralini na paroksetini, ambazo zimeidhinishwa kwa maradhi hayo na FDA, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia dawa.

Zote mbili awali zilikuwa dawa za sonona. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na wagonjwa wengi hawapati nafuu ya kutosha. Kwa mtu ambaye hajalala vyema kwa miaka kumi, kuambiwa asubiri wiki sita zaidi ni adhabu.

Ketamini yenyewe iliundwa mnamo 1962 na mwanakemia Calvin Stevens akishirikiana na kampuni ya Parke-Davis. Miaka miwili baadaye ilijaribiwa kwa wafungwa katika jimbo la Michigan, na mnamo 1970 ikaidhinishwa kuwa dawa ya nusukaputi. Haikukawia kufika Vietnam, ambako ilitumiwa kwa majeruhi wa vita.

Mlango wa matumizi mapya ulifunguka mnamo 2000, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipowapa wagonjwa wachache wa sonona kiasi kidogo cha dawa hiyo kwa dripu. Nafuu ilionekana katika muda wa saa, wala si wiki. Inaaminika kwamba ketamini hubadilisha jinsi kemikali ya ubongo iitwayo glutameti inavyofanya kazi, na hivyo kuzisaidia seli za ubongo kuunda miunganisho mipya.

Zamu ya kiwewe ilifika mnamo 2014. Watafiti wa Mount Sinai jijini New York waliwachunguza wagonjwa 41, wakilinganisha dripu moja ya ketamini na midazolamu, dawa nyingine inayolevya usingizi. Saa 24 baadaye, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi baada ya ketamini.

Mnamo 2021, kundi hilo lilichapisha utafiti wa wagonjwa 30 waliopewa dripu sita kwa wiki mbili. Kati ya waliopokea ketamini, asilimia 67 walipata nafuu kubwa, ikilinganishwa na asilimia 20 ya wenzao. Hata hivyo, nusu ya walionufaika walikuwa wameanza kupoteza nafuu hiyo takriban wiki nne baada ya dripu ya mwisho.

Pigo lilikuja mwaka uliofuata. Utafiti mkubwa zaidi uliwahusisha wanajeshi 158, walio kazini na waliostaafu, ambao dawa za sonona zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Walitundikiwa dripu nane kwa wiki nne; baadhi zilikuwa na ketamini na nyingine hazikuwa na dawa yoyote.

Dalili za kiwewe zilipungua katika makundi yote, na mwishowe hapakuwa na tofauti ya maana kati ya ketamini na dripu tupu. Kilichopungua waziwazi kwa waliopewa dozi ya kawaida ni sonona.

Isitoshe, kuna kikwazo ambacho watafiti hawajakivuka. Ketamini humfanya mtu ahisi kana kwamba ametengana na mwili wake. Mgonjwa anayehisi anaelea juu ya kitanda hahitaji kuambiwa amepewa dawa gani, na matarajio yake huweza kuwa sehemu ya nafuu yenyewe.

Ni kwa misingi hiyo ambapo mwongozo wa 2023 wa idara za ulinzi na za wanajeshi wastaafu nchini Marekani ulishauri ketamini isitumiwe kutibu kiwewe. Mwongozo huo uliyapa kipaumbele matibabu ya mazungumzo, ambapo mgonjwa husaidiwa kuukabili mkasa hatua kwa hatua hadi kumbukumbu yake ikose makali.

Biashara haikusubiri. Sheria za Marekani humruhusu daktari kuitumia dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa mwingine, na kwa sababu kampuni za bima kwa kawaida hazilipii dripu hizi, mgonjwa hutoa mamia ya dola mfukoni kwa kila moja. Esketamini, ambayo ni dawa ya puani iliyoidhinishwa mnamo Machi 2019, ni ya sonona sugu wala si ya kiwewe, na sharti mgonjwa aangaliwe kwa angalau saa mbili.

Mnamo Oktoba 2023, FDA ilionya kuwa ketamini haijaidhinishwa kutibu ugonjwa wowote wa akili, na kwamba kuitumia nyumbani bila uangalizi ni hatari. Dawa hii hupandisha shinikizo la damu, na ikitumiwa mno kwa muda mrefu huweza kuharibu kibofu na kuleta uraibu.

Mwezi uo huo, mwigizaji Matthew Perry alifariki, na uchunguzi ukabaini kuwa chanzo kikuu kilikuwa ketamini. Alikuwa akipokea dripu za matibabu, lakini wachunguzi walisema dawa iliyokuwa mwilini mwake haikutokana na dripu ya mwisho aliyopewa kliniki. Watu watano, wakiwemo madaktari wawili, walishtakiwa mnamo Agosti 2024.

Hata hivyo, si haki kuitupilia mbali dawa hii. Kwa mtu anayewaza kujitoa uhai, wiki nne za utulivu si jambo dogo. Ni muda wa kulala, kula na kupata nguvu za kuketi na mshauri. Hatari ni pale muda huo unapouzwa kana kwamba ndio uponyaji wenyewe.

Mjadala huu unaigusa Kenya pia. Ketamini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, kwa kuwa humlaza mgonjwa bila kuzuia sana upumuaji wake. Hospitali ya mashambani isiyo na mtaalamu wa nusukaputi huitegemea kuokoa mama anayehitaji upasuaji.

Mnamo 2015, China ilipendekeza dawa hiyo iwekewe vikwazo vya kimataifa kwa sababu ya matumizi mabaya. Pendekezo hilo liliahirishwa jijini Vienna baada ya Shirika la Afya Duniani kulipinga. Uholela wa kliniki za ng'ambo ukifufua wito huo, atakayeumia kwanza ni mama huyo.

Zaidi ya hayo, Kenya ina viwewe vyake: shambulizi la bomu la 1998, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Westgate, na Chuo Kikuu cha Garissa. Jopokazi la afya ya akili lilipendekeza mnamo 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Tiba isiyohitaji dripu imejaribiwa karibu na nyumbani. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wahudumu wa afya ya jamii jijini Nairobi, kwa vikao vitano tu, waliwapunguzia dhiki ya kiakili wanawake waliopitia dhuluma. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliweza kuwatibu wenzao kiwewe kwa mazungumzo.

Kwa hivyo, swali ambalo mgonjwa anafaa kumuuliza anayeuza dripu, awe New York au Nairobi, si iwapo atapata nafuu kesho. Ni nani atakayeketi naye mwezi ujao, nafuu hiyo itakapoanza kuisha.