Talaka Huvunja Ndoa, Haivunji Ubaba

Kila yanapotoka matokeo ya mitihani, mazungumzo ya barazani Unguja na Pemba huwa yale yale: walimu hawafundishi, madarasa yamejaa, vitabu hakuna. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini kuna suala ambalo kina mama hutuuliza mara kwa mara, na barazani halitajwi: "Sheikh, ameniacha na watoto ninao mimi. Sare na madaftari ni juu ya nani?"

Tutangulize waliyoyaona wataalamu wa elimu ya jamii. Mwaka 1966, James Coleman na wenzake walitoa ripoti kuhusu wanafunzi zaidi ya 500,000 wa Marekani. Walikuta kuwa hali ya nyumba anayotoka mtoto inafungamana na kufaulu kwake kuliko majengo na vifaa vya skuli. Miaka kumi baadaye, Stephen Heyneman aliitazama Uganda akakuta kinyume: hali ya wazazi ilikuwa na uzito mdogo, ubora wa skuli ndio uliokuwa na uzito zaidi.

Je, nyumba zetu basi hazina lawama? Hapana. Watoto aliowapima Heyneman walikuwa wameshafika darasa la saba. Walioacha skuli kabla hawakuwemo. Skuli humfundisha aliyekuja. Nyumba ndiyo inayomleta.

Hapo ndipo talaka inapoingia. Tunaloliona katika suluhu ni hili: mama hurudi kwao na watoto, baba huoa kwengine, miezi ya mwanzo huleta matunzo, kisha kimya. Mtoto wa kiume huanza kushinda sokoni akiuza mifuko. Wa kike hubakishwa nyumbani na mdogo wake ili mama akatafute riziki. Hakuna aliyewafukuza skuli, lakini hawaendi tena.

Sheria iko wazi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imeweka chakula na mavazi juu ya baba, kwa ada na kwa uwezo wake. Aya ya 6 ya Suratut Talaq, ikimzungumzia mtoto anayenyonya, inawataka walioachana washauriane kwa wema. Imamu Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, ameeleza kuwa gharama ya kumfundisha mtoto hutoka katika mali yake. Asipokuwa nayo, ni juu ya anayelazimika kumlisha. Maneno yake yanahusu elimu ya dini iliyo faradhi. Lakini aya imetaja ada, na ada ya zama zetu imeifanya skuli kuwa haja ya kila mtoto. Kwa hiyo tunaona sare, madaftari na nauli ni sehemu ya matunzo.

Tunawanasihi kina baba: uliyemwacha ni mke, si mtoto. Nanyi kina mama, msimzuie mtoto kumuona baba yake kwa sababu hajaleta pesa. Hiyo ni haki ya mtoto. Wazee wa pande mbili nao wasiondoke kikaoni mpaka iandikwe nani atalipa nini, na lini. Atakayekataa, mlango wa Kadhi uko wazi, na kudai haki ya mtoto si kumvunjia mtu heshima.

Allah atuwafikishe kuzichunga amana zetu. Wallahu a'lam.