Dini ya Jadi na Mipaka ya Utambulisho

Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo walivyonena wahenga. Kauli hii ndiyo silaha kuu ya wale wanaotaka kufufua dini ya jadi ya Agikuyu. Mjini Mweiga, Kaunti ya Nyeri, hoja yao ina ushahidi wa macho. Upande wa mashariki pana Kirinyaga, upande wa magharibi pana Nyandarua, na milima yote miwili inahesabiwa katika jadi kuwa makao ya Ngai. Anayeinua mikono kuuelekea mlima na kutamka "Thaai", yaani amani, hahitaji jengo la ibada.

Ni dhahiri kwamba urejeo huu una chimbuko lake. Enzi ya ukoloni, walowezi walitwaa mashamba makubwa katika eneo hilo, nao wamisheni wakayaita matambiko ya chini ya mugumo ushenzi. Mtu aliyepokonywa ardhi alipokonywa pia namna ya kuomba. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inamhakikishia kila mtu uhuru wa dini. Kwa hivyo, anayeomba chini ya mugumo hana haja ya kumwomba radhi padri wala chifu.

Hata hivyo, swali zito ni hili: dini hiyo inafufuliwa kwa ajili ya nani? Mungiki ilichipuka mwishoni mwa miaka ya 1980, waumini wake wakiomba wakiielekea Kirinyaga. Kufikia mwaka 2002, serikali ilipoipiga marufuku, jina lake lilikuwa likihusishwa na mauaji na utozaji wa fedha kwa nguvu katika matatu. Aidha, ilitetea ukeketaji wa wanawake, jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 inalikataza. Kiapo kilichodaiwa kuwaunganisha vijana na mababu kiligeuka kitanzi shingoni mwao.

Mtihani huu haupo Afrika pekee. Nchini Iceland, chama cha waumini wa miungu ya kale, akina Odin na Thor, kiliundwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka 1973. Chama hicho kimekataa kuihusisha imani yake na ubaguzi wa rangi, ilhali kuna makundi ya Ulaya na Marekani yanayoitumia miungu iyo hiyo kudai ubora wa watu weupe. Miungu ni ile ile. Kinachotofautiana ni nia ya wanaowaabudu.

Mintarafu ya Agikuyu, jawabu limo katika jina lenyewe la Mungu. Wakamba humwita Ngai pia, na Wamaasai humwita Enkai. Majirani wa Mweiga, Naro Moru na Nanyuki, yana majina ya asili ya Kimaasai. Inakuwaje basi jina linalotamkwa na makabila matatu ligeuzwe ua wa kulizingira kabila moja?

Yafaa vijana wanaorejea mugumoni wafundishwe historia hii kabla ya kupewa kiapo chochote. Imani inayomkataza mtu kumtambua jirani anayemwita Mungu kwa jina lilo hilo haijarejea kwa mababu. Imerejea kwa wanasiasa wa kikabila.