Mjane Si Mali ya Ukoo



Sisi wakazi wa Ziba, na Unyamwezi kwa jumla, tunaikumbuka njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo. Katika njia ile binadamu alihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Bwana wake alipofariki, alirithiwa kama mali nyingine. Sheria ilipiga marufuku utumwa katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini tujiulize kwa unyofu: je, katika nyumba zetu hakuna tena anayerithiwa?

Mara nyingi matanga hayajaanuliwa, na ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu ng'ombe, mabati na mashamba. Mjane huambiwa achague: arithiwe na shemeji, au arudi kwao mikono mitupu. Nasi tunanyamaza, tukisema hiyo ni mila.

Katiba yetu, tangu haki za binadamu zilipoingizwa ndani yake mwaka 1984, inatamka katika ibara ya 13 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika kesi iliyotoka Kagera kwamba mwanamke aliyerithi shamba anayo haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hata hivyo, amri ya sheria za mila ya mwaka 1963 iliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu, waliofukuzwa katika nyumba zao, waliipinga kanuni hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba inabagua, lakini haikuitangua. Hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Tusishangae kuona sheria njema ikichelewa kufika mlangoni. Katiba ya Marekani iliahidi usawa mbele ya sheria mwaka 1868, miaka mitatu baada ya utumwa kukomeshwa. Hata hivyo, mwaka 1955 watu weusi wa Montgomery walikuwa bado wanalazimishwa kuwapisha wazungu viti vya basi. Walitembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima hadi ubaguzi ule ukakoma. Haki iliyoandikwa iliwangoja watu wa kuidai.

Basi, sisi tufanye nini? Waume, andikeni wosia mbele ya mashahidi mkiwa bado wazima. Wazee wa ukoo, mjane aketi katika kikao cha mirathi na asikilizwe. Yeye pia aweza kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, msimwache aende Mahakama ya Mwanzo peke yake.

Mwinjili Luka anatusimulia habari za mjane aliyemwendea hakimu dhalimu tena na tena mpaka akapata haki yake. Mjane yule alikwenda peke yake. Wa kwetu asiende peke yake.