Orodha ya Jamaa Isipotee Sifuri

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi, hesabu za mwezi na orodha za michango ya arusi na mazishi huandikwa katika programu ya Excel. Ila kila tufunguapo faili jipya, programu hurejea mpangilio wake, si wetu. Hasara kubwa huwa katika namba za simu: namba ianzayo na 0 hudhaniwa ni ya kuhesabiwa, na sifuri hiyo huondoshwa. Siku ya msiba, jamaa tunayemtafuta hapatikani.

Dawa yake ni kuandaa kiolezo mara moja. Tufungue faili tupu, tuchague herufi na upana wa safu tuupendao, na safu ya simu tuipe aina ya Text kabla ya kuandika lolote. Tunapohifadhi, tuchague kwanza aina ya Excel Template, tuandike jina Book, kisha tuliweke faili katika folda ya XLSTART. Katika Windows, folda hiyo hupatikana kwa kuandika %appdata% penye anwani ya folda, kisha kufungua Microsoft na Excel.

Tangu hapo, tukibonyeza Ctrl na N kwa pamoja, mpangilio wetu utatokea. Tukipitia Blank workbook katika ukurasa wa mwanzo, hautatokea.

Mafaili ya zamani hayabadiliki. Sifuri zilizopotea humo tuzirudishe kwa mkono. Orodha ya jamaa ni amana, na aliyekabidhiwa aihakiki leo, kabla haijahitajika.