Kifungo Kikiisha, Nani Atampokea?

Wizi ukitokea mtaani husikika sauti mbili: moja yataka jela ziwe kali zaidi, nyingine yataka zirekebishe tabia. Mahakama ikimfunga mtu, adhabu yake ni kunyimwa uhuru. Aliyeibiwa ana haki ya kuona adhabu hiyo ikitimizwa. Lakini kulala sakafuni na njaa hakumo katika hukumu.

Mwaka 2003 Moody Awori, akiwa waziri aliyesimamia magereza, alianza kufungua milango ya jela zetu. Wafungwa wakapata magodoro na televisheni. Kamiti na Naivasha wapo wanaofanya mtihani wa KCSE na wanaojifunza useremala.

Shida huanza siku ya kutoka. Ufundi anao, lakini mwajiri anadai cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, nacho hutaja kosa lake. Akija kanisani, tunavuta mikoba yetu karibu.

Paulo, naye akiwa kifungoni, alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu, akaahidi kulipa mwenyewe deni lolote. Hakukana hasara ya Filemoni, alikubali kuibeba.

Wakati wa Krismasi tunawapelekea wafungwa sabuni na nyimbo. Ni vyema. Je, seremala huyo akitoka, utamwita akutengenezee mlango? Gereza laweza kumfunza kazi na kumrekebisha. Kumpokea ni juu yako na mimi.