Mume wa Kuganda

Pita soko la samaki la Malindi asubuhi yoyote: changu, nguru, jodari, pweza, wote wapo. Ila huyu wa mwezi huu hutomkuta ng'o. Anaishi gizani, mamia ya mita chini ya bahari. Ni samaki mvuvi, kwa wataalamu Ceratias holboelli.

Bibie kwa sura, tuseme ukweli, ukurasa wa mbele hapati. Mweusi, ngozi ina vijimiiba, macho madogo, mdomo umetazama juu. Kichwani ana kijiti chenye taa inayowashwa na bakteria, ndiyo chambo chake. Urefu hupita mita 1.

Na bwana je? Ujanani ni wa sentimita chache tu. Macho anayo makubwa, lakini hali chakula. Kazi yake moja, kutafuta mke. Akimpata anamng'ata na hamwachii tena. Ngozi zinaungana, damu inakuwa moja, anaishi kwa anachokula mke. Taratibu macho yanakufa. Kinachobaki imara ni uwezo wa kuzalisha, basi.

Mwaka 1922, Bjarni Sæmundsson wa Iceland alieleza habari za jike mwenye vijisamaki viwili vilivyomganda tumboni, akadhani ni watoto. Mwaka 1925 Charles Tate Regan wa Uingereza akaitoboa siri: kumbe ni mume!

Mnacheka? Haya, tujiangalie. Kaka, ulikuwa na mpira wako wa jioni Mnazi Mmoja na washikaji wa barazani. Leo hata salamu huwapi. Dada, kozi uliyokuwa ukiisemea kila siku umeiacha, eti "kwa ajili ya mwenzangu". Tunaita mapenzi, kumbe macho yanakufa taratibu. Siku mwenzako akisafiri, akiugua au mkikosana, utasimama kwa miguu ipi?

Samaki ana udhuru wake. Kule giza ni nene na majike ni wa kubahatisha. Akimwachia huyu, huenda asimpate mwingine maisha yake yote. Wewe na mwenzako mnalala nyumba moja. Mwenye kurudi kila jioni hahitaji kushikwa kwa meno.

Basi mwezi huu kila mmoja arudishe kitu kimoja alichokiacha, na mwenzake amsindikize hadi mlangoni bila kununa. Jioni mtakutana Forodhani, na mtakuwa na la kusimuliana.

Tukutane mwezi ujao.